Mwalimu Aliyepanga Viatu Vyetu

Kila Jumapili saa tisa alasiri, kabla hajagusa kinanda chake, Mwalimu alikuwa anapanga viatu vyetu. Hakutuambia tuvipange, alivipanga mwenyewe, amepiga magoti kwenye korido ya nyumba yake, ghorofa ya tatu, mtaa wa Husby. Huku Uswidi kila mtu huvua viatu mlangoni, kwa hiyo kuvua hakukuwa jambo. Jambo lilikuwa kitambaa. Alikuwa na kitambaa cha pamba cha njano, na kwa kitambaa hicho alifuta kila jozi: buti zenye chumvi na kokoto za barabarani, raba za watoto, viatu vya vijana wahandisi wa mtaa wa jirani wa Kista, na hivi vyangu vya kazini vyenye soli nene. Mara ya kwanza nilitaka kumnyang'anya.

"Shikamoo Mwalimu. Acha bwana, unanipa dhambi."

Akaniangalia kutoka kule chini, miwani imemshuka puani. "Marahaba. Dhambi ni zangu, mwanangu, ndiyo maana nazifuta. Wewe ingia ukae."

Viatu vyangu alivishika kwa miaka sita. Mkono wangu hakuwahi kuushika. Nataka kumsema vizuri mama yule, maana mazuri yake ni mengi kuliko yangu, lakini siwezi kumsema bila hilo, na siwezi kulisema hilo bila kusema nililomfanyia mimi.

Alizaliwa mwaka gani, ukoo gani, sijui, sikuuliza. Alikuwa Mhindi wa Tanga, mjane, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyesomeshwa Moshi. Tulikutana chini, kwenye chumba cha kufulia. Wanaokaa kwenye majumba haya wanajua: saa ya kufulia huandikishwa ubaoni, na anayeiba saa ya mwenzake ni mtu wa kulaaniwa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeiba, tena bila kujua, nilisoma ubao kwa macho ya mtu aliyetoka zamu ya kutunza wazee. Nimeinama nyuma ya mashine nikasikia mtu anaingia, anasoma ubao, kisha anasema peke yake kwa sauti, "Watu wengine hawana haya hata kidogo."

Nikajibu kulekule niliko, "Haya tunazo, mama. Saa ndiyo hatuna."

Loo! Aliruka yule bibi, nikadhani nimemuua. Alikuwa amevaa sari, juu yake sweta mbili, juu ya sweta koti la manyoya. Aliponiona akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya meza ya kukunjia nguo, anafuta machozi kwa ncha ya sari. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akaniuliza naimba, maana eti nimejibu kwa sauti ya mtu anayeimba. Nikamwambia mimi ni Mlutheri, kwaya nimeanza nikiwa mtoto, sauti ya pili.

"Jumapili njoo kwangu tuimbe."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Mungu wenu anakataza sauti?"

"Hakatazi."

"Basi ilete."

Ndivyo nilivyoingia. Kanisani walinisema kidogo, kuna dada mmoja akaniuliza kama siku hizi nawaimbia masanamu. Nikamwambia naimba na jirani yangu, na nyumbani kwa jirani yangu kuna sanamu, kama kwako palivyo na televisheni. Mdomo huu umeniponza mara nyingi.

Sauti yake yeye, kusema kweli, haikuwa nzuri. Ilikuwa imekwaruzika, na juu haikufika. Lakini alikuwa na mkono wa kushoto usiochoka kupuliza kile kinanda, harmonia wanakiita, ambacho mifuko yake ya upepo ilikuwa imetoboka na mimi ndiye niliyeiziba kwa plasta za vidonda. Yeye anaanza mstari, sisi tunaurudisha. Mtu akiimba ili asikike yeye, Mwalimu anaacha kupuliza. Kimya. Anamtazama. Halafu anasema kwa upole, "Haya, tamasha limekwisha, turudi kwa Mungu." Kwa ajili yangu mimi aliacha kupuliza mara nyingi sana mwaka wa kwanza.

Ngoma alipiga Deo, Mrundi, dereva wa basi, Mkatoliki, mtu wa maneno machache. Wengine walikuwa vijana wa kutoka India wanaofanya kazi za kompyuta Kista, na wake zao, na mara mojamoja Mswidi mmoja mrefu ambaye hakuwahi kujua aweke wapi miguu yake. Lugha zilikuwa mchanganyiko mtupu. Ndipo Mwalimu alipoanza kutunga maitikio kwa Kiswahili. Alisema nyimbo hizi za ibada za Kihindu tangu mwanzo ni za lugha ya jikoni, na jikoni kwake ni Kiswahili. Binti yangu Neema, ambaye tangu aanze shule nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, pale alifungua mdomo akaimba Kiswahili safi. Mimi mama yake nilikaa pale sakafuni nikalia bila haya. Ilikuwa nafasi pekee katika wiki nzima ambapo mwanangu alinijibu kwa lugha yangu.

Alipenda kueleza asili ya nyimbo, na alieleza huku akimenya vitunguu, kwa sababu baada ya kuimba lazima watu wale. "Zamani huko kwetu," alisema, ingawa huko kwao India hakuwahi kuishi hata mwezi, "Mungu alifungiwa hekaluni, na ufunguo walikuwa nao wachache. Unataka kusema naye? Nenda kwa kuhani, na kuhani aseme lugha ambayo mama yako haijui. Watu wakachoka. Mfumaji, mfinyanzi, mshona viatu, mjane aliyenyolewa nywele, wakaanza kumwimbia wenyewe. Wakamwita mpenzi, wakamwita mtoto, siku nyingine wakamgombeza kabisa. Wakakaa sakafu moja, wakala chungu kimoja. Makuhani wakawaka moto. Lakini wimbo utaukamata vipi? Ulitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji."

Siku moja Deo akauliza, "Na wale wadogo, Mwalimu, walipata nini?"

Akaacha kisu. "Walipata jina. Walipata heshima kidogo, wanawake wakatoka uani. Lakini wimbo una mwisho wake, Deo. Ukiisha mtu anarudi nyumbani, na nyumbani kuna jiko. Nyimbo zilifungua mlango wa hekalu. Wa jikoni, wengi waliuacha umefungwa."

Nilidhani anasema habari za watu wengine. Nafikiri na yeye alidhani hivyo.

Alikuwa mbishi, tena mbahili wa sifa. Nyota ya karatasi ambayo Waswidi hutundika dirishani kabla ya Krismasi, yeye aliitundika akaiacha mwaka mzima. Mwenye nyumba akamwandikia barua, akamjibu kwamba giza la Uswidi halisomi kalenda. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kuwasha mpaka masikio. Hakupenda kuambiwa asante. Ukimwambia asante anakuuliza, "Umemaliza?" Nilipougua mgongo alinipikia siku kumi mfululizo, akiacha sufuria mlangoni na kubonyeza kengele na kuondoka, ili nisije nikamwambia asante. Mgongo ulipona, sufuria moja bado ninayo.

Alipokuja kijana mmoja mpole ndipo nilipomjua alivyo mkali. Kijana alitoka India kama wenzake, mhandisi kama wenzake, ila jina lake la ukoo liliwafanya wenzake wanyamaze alipolitaja. Mimi sikuelewa. Baadaye Mwalimu alinieleza: jina lile linasema kwamba babu zake walikuwa watu wa kuchuna na kushona ngozi, na watu wa kazi hiyo walihesabiwa wachafu, hata kivuli chao. Hayo kwa Waswidi ni majina tu. Kwao ni mlango mzima, wa kukuingiza au kukufungia nje. Jumapili ya tatu kijana akainuka kusaidia kugawa chakula, na bwana mmoja akamnong'oneza Mwalimu kwamba ingekuwa vizuri agawe mtu mwingine.

Mwalimu alikuwa bado amekaa kwenye kinanda. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Wimbo tuliomaliza sasa hivi aliutunga mshona viatu. Mmeuimba wote, nimewasikia. Sasa nani hapa hawezi kula kwa mkono wa mshona viatu? Asimame. Buti zake nimeshazifuta, hazitampa taabu."

Yule bwana akasimama kweli, akaondoka na mkewe, na hawakurudi. Haki ya Mungu, nilijivunia yule mama kama vile amenizaa. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu.

Na ilikuwa siku hiyohiyo, haikupita nusu saa.

Baada ya nyimbo kulikuwa na prasadi, yaani kile kitu kitamu kinachotangulizwa mbele ya Mungu kisha kikagawiwa watu. Kwake ilikuwa sukari ya mawe na zabibu kavu. Hii aliigawa mwenyewe, kila mtu amekaa mstarini na kiganja wazi. Akafika kwa yule kijana mpole. Akamwekea sukari kiganjani, akavikunja vidole vya kijana kwa mikono yake miwili, akavishika hivyo, kijana analia. Sote tunalia. Akasogea kwa mwingine, akamwekea. Mwingine, akamwekea. Akafika kwangu. Mkono wake ukapanda kama shibiri moja juu ya kiganja changu, na sukari ikadondoka.

Miaka sita ilidondoka hivyo. Haikunipitia akilini kamwe. Nilidhani ndivyo inavyotolewa. Siku hiyo tu, kwa kuwa macho yangu yalikuwa bado kwenye ile mikono miwili, ndipo nikaona. Nikamfuata kwa macho. Deo, ikadondoka. Na baada ya Deo alikuwa Neema wangu, miaka tisa, ambaye kwa furaha aliinua kiganja juu ili asipoteze hata punje. Mtoto alivyozidi kuinua kiganja, ndivyo mkono wa Mwalimu ulivyozidi kupanda. Haukugusa. Punje moja ikaanguka sakafuni, Neema akaiokota akaila.

Mimi nimekulia nchi ileile aliyokulia yeye. Nilijua mkono ule unatoka wapi. Shangazi yangu alikuwa yaya kwenye nyumba za namna hiyo, na maji alikuwa akimiminiwa kwa juu, mdomo wa jagi usije ukamgusa. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Ngazini nikamwambia Deo. Akatikisa kichwa taratibu. "Mama Neema, mie niliona siku ya kwanza."

"Na ukaendelea kuja?"

"Nilikuja kwa ngoma. Na yule mama ni mtu mwema. Mwambie tu. Mtu asiyeambiwa atajuaje?"

Nilipaswa kumsikiliza. Lakini mimi hasira zangu ni za karibu na msamaha wangu uko mbali, unapanda mabasi mawili kuja. Sikumwambia Mwalimu neno. Jumapili iliyofuata sikushuka. Wala iliyofuata. Nikikutana naye kwenye lifti namwamkia, "Shikamoo," ananijibu, "Marahaba, mwanangu," halafu tunatazama namba za ghorofa zinavyobadilika. Heshima nilimpa yote, na ndani ya heshima nikamnyima kila kitu.

Alikuja kwangu mara moja. Nilimwona kwenye kile kitundu cha mlango, amebeba bakuli limefunikwa kwa kile kitambaa cha njano. Nikarudi jikoni kwa ncha za vidole, nikamwambia Neema afungue aseme sipo. Neema akamwambia kwa Kiswidi kwamba mama yuko kazini. Hakumjibu kwa Kiswahili, na tangu siku zile hakuimba tena, wala mimi hakunijibu tena kwa lugha yangu. Sasa ni binti mkubwa. Nikimkumbusha zile nyimbo anasema anakumbuka sukari.

Wasomaji watasema, lakini wewe ndiwe uliyekosewa. Ndiyo. Nilikosewa, sibishani. Ila kukosewa kulinipa utamu fulani, na utamu ule niliula peke yangu kwa miaka minane, huku ghorofa mbili chini yangu bibi wa watu anazeeka. Kumbe sauti ya pili ndiyo iliyokuwa inawashikilia wale wengine wasipotee. Deo ndiye aliyeniambia. Kwanza waliimba kwa taabu, kisha wahandisi wakahamia kwingine, kisha akabaki yeye na Deo na ile ngoma, kisha Deo akapangiwa zamu za Jumapili. Siku moja nikaona ile nyota ya karatasi haipo tena dirishani, na jina limetolewa kwenye mlango wake. Sikuuliza amekwenda wapi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, niliitwa kuziba pengo la mfanyakazi mgonjwa kwenye nyumba moja ya wazee, mbali na kwetu. Ilikuwa asubuhi. Wakanipa orodha ya vyumba, na mmoja wao akaniambia, "Huyu wa chumba cha tano, Kiswidi kimemtoka chote. Anasema Kihindi. Tumemletea mkalimani, na mkalimani naye haelewi."

Nilikuwa bado mlangoni nikamsikia. Alikuwa anauambia mto wake, kwa Kiswahili cha Tanga, kwamba hauna adabu.

Nilimbadilisha shuka kwanza, kwa sababu ndiyo kazi, na kwa sababu nilikuwa naogopa uso wake. Alikuwa mwepesi, kama nguo iliyokauka. Aliangalia viatu vyangu kabla hajaniangalia mimi.

"Viatu vimechoka hivi," akasema. "Mama Neema."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Uliacha kuja."

"Niliacha."

"Najua kwa nini. Nilijua siku ileile, nilipoona macho yako yanafuata mkono wangu. Nikapanda kwako nikuambie. Mtoto akasema uko kazini." Akavuta pumzi. "Nilisikia unakohoa jikoni."

Jamani. Nilitamani sakafu ile ya plastiki ipasuke inimeze. Nikamuuliza, maana lazima niseme kitu, "Mbona hukurudi tena?"

"Aibu," akasema. "Na wewe?"

"Hasira."

"Haya." Alitikisa kichwa kana kwamba nimemjibu hesabu vizuri. "Yaya wetu alinibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Mgongoni kwake, mwanangu, shavu langu hapa. Akishuka kazi, mama anammiminia maji kwa juu. Niliona kila siku. Nyimbo zote nilizijua, za mshona viatu, za mfumaji, zote. Viatu nilivishika kwa sababu niliamua kuvishika. Mkono wa kugawa sikuwahi kuuamulia, uliamua wenyewe. Mkono haujui nyimbo."

Akaniomba nifungue droo. Mlikuwa na kikopo cha bati. Akakitoa kwa shida, akasema maneno yake ya sala, mafupi, akachukua kipande kimoja cha sukari. Nikanyoosha kiganja. Mkono wake safari hii ulishuka, ukashuka mpaka ukafika, akaniwekea, akavikunja vidole vyangu kwa mikono yake miwili kama alivyomfanyia yule kijana. Akavishikilia.

Nilikuwa nimevaa glavu. Zile za bluu, za kazi. Nilikuwa nimetoka kumbadilisha shuka.

Yeye ndiye aliyeona kwanza. Alitazama ile bluu, kisha mimi. "Vua, mwanangu," akasema.

Kengele ikalia mfukoni mwangu. Chumba cha nane. Ukifanya kazi hii miaka ishirini na tatu, kengele ikilia mguu unaondoka kabla ya akili. "Nakuja, Mwalimu," nikasema. "Dakika mbili tu."

"Haya," akasema, akaniachia vidole.

Pale koridoni, kwenye pipa lililo ukutani, nikavua glavu kama tulivyofundishwa: unaishika kwenye kifundo, unaigeuza ndani nje, uchafu wote unabaki ndani, unatupa. Nilivua vizuri sana. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa chumba cha nane ndipo nikakumbuka kilichokuwa ndani ya ile glavu. Mzee wa chumba cha nane alikuwa ameangusha rimoti ya televisheni.

Baada ya hapo palikuwa na mwingine wa kuoshwa, na mwingine aliyemwaga uji. Niliporudi chumba cha tano alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kikopo kifuani. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka. Ningeweza kuushika. Nikasema nisimwamshe, kesho nipo.

Kesho hawakuniita. Waliniita siku ya nne, na orodha ya vyumba haikuwa na chumba cha tano. Nikaenda hata hivyo. Kitanda kilikuwa kimevuliwa shuka, dirisha limefunguliwa kidogo kama wafanyavyo hapa mtu akifariki. Vitu vyake vilikuwa vimeingizwa kwenye mifuko miwili ya karatasi. Kilichosahaulika ni viatu. Vilikuwa chini ya sinki, makubazi ya ngozi, kimoja kimelala ubavu.

Nikavua glavu. Nikapiga magoti. Kitambaa sikuwa nacho, nikatumia kiganja, nikavifuta vumbi, ndani na nje, pale ambapo vidole vyake vilikuwa vimeacha alama. Kisha nikavipanga karibu na mlango, sambamba, visigino ukutani, kama alivyokuwa akipanga vyetu. Nikatazama saa ya ukutani. Kazi nzima ilikuwa imenichukua dakika mbili.